Zawadi wa Chumba cha Nyuma

Nimekulia nyuma ya viwanja vya tenisi. Mzee wangu alikuwa mtunza viwanja wa klabu moja, mji sitautaja, na pamoja na mshahara alipewa chumba kilichopakana na stoo. Upande huu kitanda cha wazazi, upande ule mkeka wetu watoto watatu, na nyuma ya ukuta mifuko ya chokaa, nyavu zilizochakaa na lile roli zito la kushindilia udongo. Panya wakipita stoo tulikuwa tunawasikia kama wamo kitandani. Mchana tulikatazwa kukanyaga uwanja. Kazi yetu ilikuwa kuokota mipira iliyoruka uzio na kuirudisha kwa wenyewe, kwa heshima, mikono miwili. Lakini saa kumi na mbili jioni, wanachama wakishamaliza vinywaji vyao na kuwasha magari, viwanja vyote vinne vilibaki na sisi mpaka giza litufukuze. Mzee alijifanya haoni. Sharti lake lilikuwa moja: chezeni peku, msije mkanichimbia udongo na viatu. Kana kwamba viatu tulikuwa navyo.

Ndiyo maana niliposoma mara ya kwanza habari za Gift Ngoepe, macho yangu hayakukwama pale yalipokwama ya wengi. Vichwa vya habari vilipiga kelele kwamba huyu ndiye mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Sawa, jambo kubwa. Mimi nilikwama kwenye sentensi moja ndogo chini huko: mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli, na familia iliishi kwenye chumba kimoja humo humo klabuni. Nikaweka simu chini. Nikasema, huyu ni wa kwetu. Wa stoo.

Jina lake ni Mpho Gift Ngoepe, amezaliwa Januari 18, 1990, Polokwane, kaskazini mwa Afrika Kusini, enzi hizo mji ukiitwa Pietersburg. Mpho kwa Kisotho ni zawadi. Gift kwa Kiingereza ni zawadi. Mtoto kaitwa Zawadi mara mbili, kama mtu anayepiga hodi na asipoitikiwa anapiga tena. Alikulia Randburg, pembeni ya Johannesburg, kwenye klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake, Maureen, alikuwa akihudumia jengo la klabu. Besiboli Afrika Kusini ni mchezo mdogo, na miaka hiyo ulikuwa zaidi mchezo wa Wazungu. Watoto wengine waliletwa mazoezini na magari ya wazazi wao, wakimaliza wanarudishwa kwao. Yeye kwao ndiyo hapo hapo.

Mtu asiyeishi uwanjani haelewi maana yake. Siyo kwamba unapata muda mwingi wa mazoezi, ingawa unapata. Ni kwamba unaujua uwanja ukiwa peke yake. Unajua kona ipi hutuama maji, wapi mpira hudunda chini kuliko inavyotegemewa, ukuta gani unarudisha mpira vizuri. Mimi mpaka leo nikifumba macho naweza kukuonyesha ufa wa uwanja wa tatu. Sikuwa mchezaji wa maana, lakini ufa ule nilikuwa naujua kuliko bingwa wa klabu.

Sasa kazi yake yenyewe. Uwanja wa besiboli una besi nne zilizopangwa kama almasi, na kutoka besi moja mpaka nyingine ni mita 27 na ushee. Mpigaji akiupiga mpira anakimbilia besi ya kwanza; mpira ukimtangulia kufika pale, ametolewa. Eneo hilo la ndani linalindwa na watu wanne, na mwenye mzigo mkubwa ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea huko, na kutoka pale mpaka besi ya kwanza ni mbali, mkono lazima uwe na nguvu. Wenyewe wanaiita nafasi hiyo shotistopu. Ngoepe alikuwa wa hapo, na wa besi ya pili pia.

Mkimbiaji wa kawaida wa ligi kuu hutumia sekunde nne na kidogo kufika besi ya kwanza. Ndani ya hizo sekunde nne mlinzi ausome mpira unavyodunda, asogee, auchote, autoe kwenye glovu, vidole viupate mshono, miguu ikae sawa, arushe, na mpira ufike kifuani kwa mwenzake. Ukitapatapa mara moja tu, jamaa ameshafika. Na mashabiki huona kosa tu. Mlinzi akifanya sawasawa inaonekana kama mpira wenyewe ulikuwa mwepesi.

Nilitaka kujua mkononi kukoje. Uwanja wa besiboli tunao, Shule ya Sekondari Azania, Upanga, Dar es Salaam. Wajapani wamesaidia kuujenga, na ndio waliousukuma sana mchezo huu upande wetu wa Tanzania. Rafiki yangu mmoja ana mpwa anayecheza, nikamwomba anichukue siku moja. Kijana wa miaka kama kumi na saba akanipa glovu, akanisimamisha kwenye vumbi, akaanza kunipigia mipira ya chini. Wa kwanza ukapita katikati ya miguu. Wa pili nikaurukia kama golikipa, wakacheka. Wa tatu nikausubiri kwa utulivu kabisa, magoti nimeyakunja vizuri, nikijiona mtaalamu. Ukadunda kwenye kijiwe, ukanikuta mtulinga. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu mia moja arobaini na kitu, ukiushika unauona mdogo. Ukikugonga mfupa unaweza kuapa ni jiwe.

"Pole anko," kijana akasema, na ilikuwa pole ya kweli, hakucheka. "Ila usiusubiri. Ukiusubiri, wenyewe ndio unakuchagulia pa kudunda. Uende wewe, uuchukue kabla haujaamua."

Wasichana waliocheza rede, na wale wa visiwani wanaoita nage, hapo wataelewa ugumu. Mchezo wetu ule unakufundisha kuukwepa mpira. Miaka yote ya utotoni mwili umefunzwa kwamba mpira ukija, kaa pembeni. Hapa unaambiwa uinamishe uso karibu na ardhi, uuendee, na ubaki unautazama mpaka uingie kwenye ngozi ya glovu. Mtu haupati ujasiri huo darasani. Anaupata kwa mipira elfu, halafu elfu nyingine, na mingi kati ya hiyo ni ya jioni ambapo hakuna anayehesabu.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, Ngoepe alikwenda Tirrenia, mji wa ufukweni huko Italia karibu na Pisa, ambako ligi kuu ya Marekani ilikuwa na kambi ya kunoa vijana wa Ulaya na Afrika. Mmoja wa walimu pale alikuwa Barry Larkin, aliyecheza shotistopu misimu 19 na Cincinnati Reds na baadaye, mwaka 2012, akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kwa mtoto wa Randburg ni kama umekwenda kambini ukakuta anayekufundisha kupiga penalti ni Maradona. Mwaka huo huo Pittsburgh Pirates wakamsainisha. Hakuna Mwafrika Kusini mweusi aliyewahi kusaini na timu ya ligi kuu kabla yake.

Watu wengi wanadhani hadithi inaishia hapo: kasaini, kapanda ndege, katoka. Kumbe ndiyo inaanza, na inaanzia chini kweli. Timu ya ligi kuu ina timu ndogo chini yake zilizopangwa kama madarasa. Unaanzia la kwanza, ukifaulu unapanda, ukifeli unarudia, na wengi huacha shule katikati. Ngoepe alianzia Bradenton, Florida. Akaenda State College, Pennsylvania. Akaenda West Virginia. Akarudishwa Bradenton, ngazi ya juu kidogo. Akaenda Altoona, akakaa Altoona, akakaa tena Altoona. Ndipo Indianapolis, mlango wa mwisho kabla ya ligi kuu. Ni miji ya mabasi ya usiku na hoteli za pembeni ya barabara kuu, mechi karibu kila siku tangu majira ya kuchipua mpaka Septemba.

Na hela? Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo ulisainiwa mwaka 2023 tu. Kabla yake, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alikuwa analipwa dola 4,800 kwa mwaka, mkataba ule ukazipandisha hadi 19,800. Yeye alipita kule kabla ya nyongeza. Ghorofa ya juu, mwaka 2017, mchezaji anayelipwa kidogo kuliko wote alikuwa na dola 535,000 kwa msimu. Kati ya vyumba hivi viwili kuna ngazi moja tu, na mtu anaweza kukaa kwenye ngazi hiyo mpaka nywele zikaanza kuchungulia mvi.

Kilichomkalisha pale ni gongo, lile la kupigia mpira. Hapa sitaki kumpamba. Kwenye glovu kila ngazi aliyopita alisifiwa. Kwenye kupiga alihangaika kila mahali. Katika ligi ndogo alikuwa anapata hiti, yaani kuupiga mpira na kufika besi salama, chini ya moja kwa kila zamu nne, na mara nyingi mno alikuwa anatoka kwa kukosa mipira mitatu, kwenda kukaa. Mrushaji, yule anayekutupia mpira uupige, yuko mita 18 na kidogo kutoka kwako. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unakufikia ndani ya sehemu nne za kumi za sekunde, na katika muda huo uamue kama unakuja moja kwa moja au utakata kona dakika ya mwisho. Waliokua Santo Domingo au Texas wameona mipira ya namna hiyo tangu utotoni, imerushwa na watu wengi tofauti. Mtoto wa klabu moja ya Randburg ameiona michache. Mpira wa chini unaweza kujifunza na ukuta. Ukuta haukurushii mpira unaokata kona.

Nadhani hapo ndipo uchapakazi wake ulipo, na ndiyo sehemu isiyopendwa na waandishi wa hadithi za kutia moyo. Mtu kufanya kwa bidii kile anachokiweza ni raha, wala tusimsifu sana. Yeye aliamka kila siku, miaka minane, kwenda hadharani kufanya kile asichokiweza vizuri, na namba zake zinaandikwa ubaoni kila mtu azione, ili apewe nafasi ya kufanya kile anachokiweza.

Mwaka 2013 Maureen akafariki. Nimonia. Mwanawe bado alikuwa na miaka minne ya kupanda.

Aprili 26, 2017, Pittsburgh. Uwanja wa PNC Park uko kando ya mto Allegheny, na wageni jioni hiyo walikuwa Chicago Cubs, mabingwa watetezi. Ngoepe ameitwa kutoka Indianapolis. Hakuanza, aliingizwa kipindi cha nne, besi ya pili. Zamu yake ya kupiga ilipofika, aliyesimama mbele yake ni Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye ubingwa wa dunia mara tatu. Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mtu anayeninunulia bando. Anapiga, mpira unapita chini katikati, na walinzi wa ndani wa Cubs hawaufikii. Hiti, zamu ya kwanza kabisa ya maisha yake. Kila nikiutazama mpira ule najisemea kwamba angekuwa yeye ndiye amesimama pale kulinda, angeufikia.

Pirates walishinda 6-5.

Wapo wanaochokonoa: eti kuna Alfredo Cabrera, mzaliwa wa visiwa vya Canary, aliyecheza mechi moja tu na St. Louis mwaka 1913, na visiwa vile kijiografia viko ubavuni mwa Afrika. Ajabu ni kwamba naye alicheza shotistopu. Lakini Canary ni ya Hispania, na mimi si wa kugombana na mtu kwa sababu ya mechi moja ya miaka mia iliyopita.

Msimu ule Ngoepe alicheza mechi 28. Zamu 54, hiti 12, na karibu nusu ya zamu alitoka kwa kukosa. Warushaji wa ligi kuu wanasoma; baada ya wiki mbili tatu wakawa wameshajua pa kumwekea mpira. Akarudishwa Indianapolis. Novemba akapelekwa Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 akacheza kwao mechi 13, akapata hiti moja katika zamu 18. Basi. Kwenye ligi kuu jumla yake ni mechi 41, hiti 13. Msimu mmoja una mechi 162, kwa hiyo ukiziweka pamoja zote hazifiki hata theluthi ya mwaka.

Nimeshasoma watu wakimwita kafeli. Nimesoma pia wale wa upande mwingine, wanaomfanya bango: kutoka chumba kimoja hadi Marekani, ukiamini utaweza. Wa pili wananiudhi zaidi. Aliyeandika bango hakuhesabu Altoona. Na hakutaja kwamba ile ndoto, ilipofika, ilikuwa ni kazi yenye bosi, yenye daftari la makosa, na yenye mtu nyuma yako anayeitaka nafasi yako.

Hizo hiti 13 zina upungufu mwingine. Zinahesabu gongo. Za glovu zipo, lakini ni hafifu, kwa sababu ni vigumu kuhesabu kitu ambacho hakikutokea: mkimbiaji ambaye hakufika, pointi ambayo haikufungwa. Makosa ndiyo yanayohesabika vizuri. Hili nalijua kwa mzee. Miaka ishirini na tisa alimwagilia, akashindilia, akachora mistari kwa chokaa na kamba, na sikuwahi kumsikia mwanachama hata mmoja akisema leo mpira umedunda vizuri. Ukidunda vibaya mara moja, ungesikia jina lake likiitwa mpaka stoo. Alipostaafu, kiinua mgongo kilichukua miaka mitatu kufika, na kilipofika kilikuwa kimepungua njiani. Sina la kuongeza hapo.

Mlango haukufungwa nyuma ya Ngoepe. Mdogo wake, Victor, naye mlinzi wa ndani, alisaini na Pirates hao hao mwaka 2016. Chumba kimoja kimetoa wawili. Mwaka 2019 Tayler Scott akawa mrushaji wa kwanza kutoka Afrika Kusini kufika ligi kuu, akianza na Seattle Mariners. Karibu zaidi na kwetu, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikakosa viza. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakasaini vijana wawili wa Kiganda.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mzee. Macho yake siku hizi yanasumbua, lakini simu akiiweka karibu na dirisha anaona. Nikamwonyesha Ngoepe. Kwanza ile hiti. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu anayekuonyesha picha za harusi ya watu usiowajua. Kisha nikampa kipande kingine, Ngoepe akiwa anacheza ulinzi: mpira unakuja chini kwa kasi, anausogelea, anauchota, anarusha, mtu anatolewa. Sekunde tano tu.

"Rudisha," mzee akasema.

Nikarudisha. Akasogeza simu mpaka karibu iguse pua.

"Tena. Isimamishe hapo unapodunda."

Nikaisimamisha. Nilishajiandaa kumweleza habari za Randburg, za mama wa klabuni na chumba kimoja, nikijua atafurahi. Yeye alikuwa anatazama udongo.

"Huu wameumwagilia asubuhi, wakarudia jioni," akasema. "Unaona haukuruka? Kuna mtu hapo anajua kazi." Akanirudishia simu. "Nani mtunzaji wao?"